Tai Aliyekwama Angani Uyole

Mwl. Yusta Kalinga (mstaafu),
Mafinga, Mufindi.
Jumatatu baada ya Pentekoste.

Meneja Mkuu,
Bustani ya Burudani Anga Letu,
Uyole, Mbeya.

YAH: TAI WENU, VIDOLE VYA MAMA YANGU, NA MENGINE YALIYOTUPATA HEWANI

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umesimama ardhini kwa miguu yako yote miwili, neema ambayo si kila aliyepita bustanini kwako amejaliwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Kiswahili muda mrefu, kwa hiyo nimezoea kusahihisha makosa ya watu bila hasira, kwa wino mwekundu tu. Leo nimetumia wa bluu, kwa heshima yako.

Ninayemlalamikia ni ule mtambo wenu maarufu mnaouita Tai wa Nyanda. Ninayelalamika kwa niaba yake ni mama yangu mzazi, Apolonia, mwenye umri wa miaka themanini na kitu. Kitu chenyewe anakificha. Ujana wake wote aliumaliza akichuma chai Mufindi, na sasa ana presha ya macho. Daktari ametuambia, kwa ule upole ambao madaktari huutumia wakiwa hawana dawa, kwamba macho yataendelea kufifia. Kwa sasa anaona kitu kikiwa kikubwa, chenye mwanga, na kisichokwenda mbio.

Mama hajawahi kupanda ndege. Aliposikia tangazo lenu redioni, kwamba Tai humketisha mtu kitini, akamwinua mbele ya picha kubwa kuliko ukuta wa kanisa, na kumrusha juu ya Kitulo, Ziwa Ngosi, misitu ya Sao Hill na mashamba ya chai ya Mufindi, aliweka chini kikombe chake akasema, "Yusta, nataka kuliona lile shamba kutoka juu kabla hakujawa giza."

Nikamwambia jioni bado sana. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mwalimu.

Hivyo tulikuja kwenu. Tulikuja mara tatu. Naomba sasa uniruhusu kueleza kwa utaratibu.

1. KUHUSU LIKIZO YA TAI

Mara ya kwanza tuliondoka Mafinga alfajiri kwa gari aina ya Noah la mdogo wangu Dastan, ambaye ni seremala. Tukapita Nyololo kwenye ukungu, tukapita Makambako, tukasimama Chimala kununua mchele kwa kuwa haiwezekani kupita Chimala bila kununua mchele, na mchana tukawa langoni kwenu. Palikuwa na kibao kizuri kimeandikwa kwa rangi: TAI ANAPUMZIKA. ASANTE KWA UVUMILIVU.

Nilimwuliza binti wa langoni, anayeitwa Atuganile, Tai amepumzika tangu lini. Alijibu kwa adabu, mikono ameikutanisha, "Tangu juzi, mama. Ila huwa anaamka mwenyewe."

Naipongeza menejimenti kwa kumjali mtumishi wake. Mimi katika utumishi wangu wote sikuwahi kupewa likizo katikati ya kipindi, watoto wakiwa wameketi na madaftari wazi. Nilidhani mama atasononeka. Badala yake alisema kuku akiatamia haharakishwi, akaegemea mchele wake, akalala mpaka Makambako.

2. KUHUSU FOLENI ISIYOONEKANA

Mara ya pili tulikuta Tai yuko macho. Lakini ninyi, kwa kutuepusha na aibu ya kusimama kwenye mstari kama watu wa zahanati, mmeiweka foleni ndani ya simu. Mama ana kitochi, kile kisimu cha vitufe kisichojua programu. Nikatumia simu yangu. Programu yenu ikaniarifu kwamba ili niingie kwenye foleni ni sharti niwe ndani ya bustani. Nikaingia ndani ya bustani. Mtandao ukakatika.

Nilifanya uchunguzi na kugundua yafuatayo: nje ya uzio mtandao umejaa tele lakini programu inakataa, ndani ya uzio programu inakubali lakini mtandao haupo. Ndani, mahali pekee penye mtandao ni juu ya jiwe lililo kando ya vyoo vya wanaume. Huko niliwakuta watu wazima wenye heshima zao, mmoja amevaa suti, wakiwa wamesongamana na kuinua simu juu kama wanaoombea mvua. Nikapanda jiwe, nikaungana nao. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitoka chooni, na ambaye hakuwa bado amemaliza kujiweka sawa, alinitambua. Alikuwa mwanafunzi wangu. Akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia nikitazama milima.

Sina la kuongeza hapo.

3. KUHUSU MAMA YANGU KUTOKUWEPO

Zamu ilitufikia. Tukafika kwenye lango la kidole, lile linalomtaka kila abiria aweke dole gumba kwenye kioo ili mtambo umjue. Mama akaweka dole gumba. Kioo kikaandika: HAKUNA MTU. JARIBU TENA.

Ndugu Meneja, mtu aliyechuma chai ujana wake wote vidole vyake ni laini kama kijiko. Mistari yote ilibaki Mufindi. Atuganile alimwomba ajaribu kidole kingine, kisha kingine, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Vyote kumi vikakataliwa kwa heshima ileile. Watu nyuma yetu wakaanza kukohoa.

"Bibi, samahani," Atuganile akasema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Mfumo unasema hakuna mtu."

"Mwulize," mama akamjibu, "kama hakuna mtu, anamwambia nani ajaribu tena?"

Tukarudishwa.

Njia nzima kurudi nilitafakari. Ikiwa mama yangu si mtu, basi mimi nimezaliwa na nani? Na ikiwa sikuzaliwa na mtu, basi watoto wote niliowafundisha kusoma hawakufundishwa na mtu, akiwemo yule wa chooni, na pengine baadhi ya maofisa walioandika kwenye kioo chenu maneno HAKUNA MTU bila kukosea hata herufi moja. Ningependa kujua walijifunza wapi.

Mara ya tatu, ndiyo Jumamosi iliyopita, Atuganile alikuwa ametafuta njia. Namwombea asiadhibiwe, kwa sababu alifuata taratibu zenu zote. Mfumo unawakataa watu wasio na alama za vidole, lakini unaruhusu kila abiria aingie na mzigo mmoja wa mkono, mradi usizidi uzito fulani. Mama ni mwembamba. Akasajiliwa kama mzigo wa mkono wa Dastan, akafungwa karatasi ya mizigo kwenye kifundo cha mkono, lango likafunguka na kutoa muziki.

4. KUHUSU LIFTI

Mama hutembea kwa fimbo, magoti yake yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo tulifurahi sana kuona kibao chenye picha ya kiti cha magurudumu na mshale. Mshale ulielekeza kwenye ngazi. Tukadhani kimegeuzwa na upepo. Hapana. Lifti ya wazee na walemavu mmeiweka ghorofa ya kwanza, mwisho wa ngazi, ili, nadhani, aifikie mlemavu aliyejitahidi.

Dastan akainama, mama akampanda mgongoni, akabebwa ngazi zote. Juu tukaikuta lifti. Ni nzuri, ina vioo. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ameondoka kwenda kwenye msiba Igawilo. Pole zetu zimfikie. Dastan akapumua kidogo, akaendelea kupanda hadi ghorofa ya pili alipo Tai na viti vyake, akihema kama msumeno usiotiwa mafuta.

Mama, kutoka mgongoni, alikuwa akiwasalimia watu wote tuliopishana nao, "Kamwene, kamwene," salamu ya kwetu, kama bibi harusi. Alimwambia Dastan asikimbie, maana mara ya mwisho kubebwa na mtu ilikuwa siku ya ndoa yake na hakupata nafasi ya kuangalia njia.

5. KUHUSU KUKWAMA

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, na naomba usome ukiwa umeketi.

Tulifungwa mikanda, watu wapatao ishirini, miguu ikining'inia. Taa zikazimwa. Sauti ya msichana kutoka kwenye spika ikasema, "Abiria wapendwa, shikilieni vizuri, sasa tunapaa." Na kweli tukapaa. Sitasema uongo. Milima ya Kitulo ilitufunukia chini na maua yake, upepo ukatupiga usoni, na Dastan, mtu mzima mwenye mafundi chini yake, akanishika mkono. Tukapita juu ya Sao Hill, mkatupulizia harufu ya miti ya misindano inayofanana zaidi na dawa ya kusafishia choo. Nilimwuliza mama kama anaona. Akasema, "Naona kijani kinakimbia. Ni nini kile?"

Ilikuwa misitu ambayo baba aliipanda akiwa kibarua. Ilipita kabla sijamjibu.

Kisha tukaingia juu ya mashamba ya chai ya Mufindi, na Tai akakwama. Viti vikatikisika, vikasimama hewani. Picha ikaganda. Upepo peke yake ndio ulioendelea, ukitugandisha masikio.

Kutoka chini, gizani, tukamsikia fundi wenu, Sedekia, akituita kwa uchangamfu, "Msiwe na wasiwasi, ndugu zangu. Hii ni kawaida."

Sijapata kusikia faraja ya namna hiyo. Ni kama daktari wa upasuaji kukwambia kwamba mkasi huwa unabaki tumboni. Tulining'inia hapo karibu saa nzima, na kila baada ya muda yule msichana wa kwenye spika akatukumbusha tushikilie vizuri, sasa tunapaa. Mama mmoja mbele yetu alianza kusali Rozari. Mzee mmoja akamjibu, ingawa baadaye alisema yeye ni Mlutheri.

Na katika hali hiyo, Ndugu Meneja, mtambo wenu ulisababisha madhara ambayo bima yenu haiwezi kuyafidia. Mama alianza kuongea.

Alikuwa amejisogeza mbele hadi mkanda ukambana. Alinyoosha fimbo yake kwenye picha. "Pale," akasema. "Ile mikaratusi mitatu. Pale ndipo tulipokuwa tunakaa kula kiporo na Lea." Lea ni mdogo wake, mama yangu mdogo, anaishi Nyololo mpaka leo. "Na lile bati ni banda la kupimia chai. Yusta, wewe ulizaliwa mle. Mizani ilikuwa wazi, wakakupima palepale, mpimaji akakuandika pamoja na chai ya siku ile."

Watu ishirini wakageuka kunitazama. Nimeishi umri huu wote nikijaza kwenye karatasi za serikali kwamba nilizaliwa hospitali. Mlutheri akaniambia hongera.

Mama hakusimama. Alitaja mistari ya chai mmoja mmoja na waliokuwa wakiichuma. Alionyesha kijito alipoangushia viatu vyake vya kwanza, na mahali nyapara alipoangukia siku aliyojaribu kumkumbatia Lea, na sababu ya kuanguka kwake, ambayo ilikuwa kikapu cha mama. Aliyekuwa akisali akaacha kusali. Dastan alikuwa akifuta macho kwa mkono mmoja; mwingine bado nilikuwa nao mimi. Mama hajawahi kutusimulia haya nyumbani. Nyumbani huwa anasema chai ni chai.

"Na ile njia nyekundu inayopanda kutoka bondeni," akasema, na sauti yake ikashuka, "ndiyo aliyokuja nayo baba yenu siku ya kuposa. Hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kwa ajili ya Lea. Nilimwona kwa mbali, nami nikamgeukia Lea nikamwambia—"

6. KUHUSU KUPONA BILA TAARIFA

Hapo ndipo Tai alipopona.

Hakuna onyo lililotolewa. Hakuna kibao. Viti viliruka, njia nyekundu ikafutika, tukatupwa juu ya Ziwa Ngosi kwa kasi, muziki ukalia, na msichana akatushukuru kwa kuruka naye. Abiria wote walipiga kelele, na si kwa hofu. Yule mzee Mlutheri alimwita fundi, "Rudisha! Bibi hajamaliza!" Sedekia akajibu kutoka chini kwamba mfumo hauna kurudi nyuma, unakwenda mbele tu.

Tuliteremshwa. Wenzetu walikaa wakimngoja mama pale mlangoni, lakini mama akasema amechoka, anataka chai. Njiani nilimwuliza, kwa namna isiyo ya papara, alimwambia nini mama mdogo. Akasema, "Nilikuwa naiona ile njia. Sasa siioni." Nikamwuliza tena Chimala. Nikamwuliza Makambako. Tulipofika Mafinga alinikataza kumwuliza.

Tangu Jumamosi sijapata usingizi wa maana. Nilimpigia mama mdogo Lea huko Nyololo, nikamweleza ilipofikia hadithi. Alicheka mpaka salio likaisha.

Ndiyo kusema, mtu aliyekuja kwenu na wazazi wawili wanaoeleweka, ameondoka akiwa mzaliwa wa banda la mizani, na baba ambaye karibu awe mume wa mama mdogo. Mtambo mzuri ungetupitisha juu ya hayo yote kwa sekunde chache, tukaona kijani, tukashangilia, tukala chipsi, tukarudi nyumbani bila kujua kitu. Hicho ndicho tulichokatia tiketi.

Kwa sababu hizo zote, naomba, tena bila ukali, yafuatayo yatekelezwe. Mama yangu apewe cheti chenye muhuri wa bustani kinachothibitisha kwamba ni mtu, kikabidhiwe kwa mikono yako huku Mafinga, na kile kioo cha vidole kije nacho kimwombe radhi. Lifti ishushwe chini, au ardhi ipandishwe ilipo lifti, tunawaachia wataalamu. Foleni itolewe kwenye simu irudishwe kwenye miguu, mbali na vyoo. Neno "kawaida" lipigwe marufuku kwa mafundi wote wakati abiria wako hewani. Bodi nzima ya wakurugenzi ining'inizwe pale juu kwa muda tuliokaa sisi, upepo ukiwa wazi, na mama wa mmoja wao awepo akisimulia alivyozaliwa. Na mwisho, Tai wa Nyanda afungwe kabisa, asibebe binadamu wala mzigo wa mkono, mpaka mafundi watakapothibitisha kwa maandishi kwamba anaweza kuruka kutoka Kitulo hadi Ngosi bila kusimama popote, hata kwa kupepesa jicho.

Nakala ya barua hii ninayo, na sitasita kuisoma kwenye mkutano wa wanawake wa usharika wetu, ambao ni wengi na wana ndugu kila mahali.

Naomba unisalimie Atuganile, mwambie mama amemwombea mume mwenye subira. Msalimie fundi Sedekia na yule mwenye ufunguo wa lifti. Wasalimie wapishi wa chipsi na walinzi wa getini, na yule msichana wa kwenye spika, popote alipo; mwambie tumeshikilia vizuri.

Ni mimi niliyeshuka salama ila sijatulia,

Mwl. Yusta Kalinga

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha mama akaniamuru niifungue nimsomee. Nimemsomea yote. Cheti amesema hana haja nacho. Lakini lile ombi la mwisho ameniagiza nilifute kwa wino mwekundu, nami nakuomba ulihesabu kuwa limefutwa. Amesema, "Mkimtengeneza, atapita pale kwa mbio, na mimi kitu kinachokimbia siwezi kukiona tena. Kile kilikuwa kimesimama. Nilikiona chote."

Mama mdogo Lea naye amepiga simu. Amesema alichoambiwa siku ile sicho kabisa Apolonia anachodhani alimwambia, na kwamba hawezi kulieleza jambo hilo kwa simu bila kuiona njia. Kwa hiyo tunakuja Jumamosi, wao wawili pamoja. Dastan anapumzisha mgongo. Tafadhali mwombe fundi Sedekia amkwamishe Tai palepale, na akishakwama, msimharakishe kupona.